Shada la Mwalimu Yadagiri

Mniache niseme, maana wenzangu hapa mtaani Ameerpet wameamua kunyamaza, na mimi kunyamaza sikujaliwa. Naitwa Andalamma. Ni mama ntilie. Kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo la Bwana Prabhakar, na huko juu ana chuo chake cha kompyuta. Mwalimu Yadagiri alikula kwangu wali na dengu za ukwaju miaka yote aliyofundisha pale, na hata siku moja hakulalamikia pilipili.

Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na darasa. Watoto wa wakulima wa vijiji vya Karimnagar waliingia kwake hawajui hata kuwasha mashine, wakatoka wakaajiriwa. Ungemwona akipanda ngazi ungedhani anakwenda harusini, shati limenyooshwa pasi, chaki mfukoni. Kila mwezi mpevu wa Ashadha, majira ya mvua, siku ya kuwaheshimu walimu, wanafunzi walipanga foleni mpaka mlangoni pangu wakisubiri kumgusa miguu, na mimi nawafokea kwa kunizibia njia.

Ndipo ikaja hii kozi mpya: akili mnemba, mashine zinazojifunza zenyewe, vifaa vinavyozungumza mtandaoni. Kila uchochoro ukajaa matangazo yake. Yadagiri, mtu mzima vile, akakaa kusoma upya, macho mekundu, chai yangu inapoa mbele yake.

"Kaka, si upumzike? Kichwa chenyewe kimebaki upara tu."

"Upara ni wa nje, dada," akasema, akacheka.

Akaifundisha vizuri kuliko vijana wote. Yeye na wanafunzi wake wakaunda hata mlango wa darasa unaotambua sura. Ukikujua unafunguka, usipokujua utasimama hapo mpaka uote mizizi. Bwana Prabhakar akamvisha kilemba cha ukoka mbele ya watu, kisha akamwomba afundishe mbele ya kamera muhula mzima. "Ni kwa ajili ya watoto wanaokosa vipindi kwa mvua, Mwalimu." Naye akakubali. Jamani, ukimwambia Yadagiri ni kwa ajili ya watoto, atavua hata ngozi akupe.

Zile picha wakailisha mashine. Ikajifunza uso wake, sauti yake, hata anavyokohoa kabla ya kujibu swali gumu. Asubuhi moja akapanda kama kawaida, akasimama mbele ya mlango wake. Haukufunguka. Walikuwa wamefuta sura yake. Na humo ndani akasikia sauti yake mwenyewe inafundisha, wanafunzi wanauliza, inawajibu.

Akashuka akaketi kwangu, wali hakuugusa.

"Inafundisha vizuri," akasema. "Nimesikiliza hadi mwisho. Haikukosea."

"Ebo! Na wewe unaisifia? Panda ukamkunje shati huyo mwizi!"

"Nitamwomba anirudishie hata kundi moja, dada. Hata la wanaoanza."

Akaomba. Kila akija, Bwana Prabhakar yuko kikaoni. Kikao gani? Mimi nilikuwa namwona dirishani anakula pipi. Roho iliniuma mpaka nikamtia chumvi ya makusudi kwenye mchuzi wake, na sijutii.

Mwezi mpevu wa Ashadha ukafika, mvua inanyesha. Yadagiri akaja na shati lake la pasi. Alikuwa ameshapanga: wanafunzi wapya wakimwona kwa macho yao siku kama hiyo, watadai wenyewe awafundishe, na Prabhakar ataona haya kuwakatalia. Nikaacha sufuria jikoni nikapanda naye. Nilitaka niwepo.

Tulipofika mlango ukafunguka, lakini si kwa ajili yake. Alikuwa anatoka binti mmoja mwembamba na sinia la laddu, vile vitamu vya sikukuu. Nyuma yake nikaona, kando ya kioo kikubwa ambamo mashine hufundishia, picha ya Yadagiri. Imevikwa shada la maua ya manjano. Udi unafuka, na paji la uso limetiwa alama ya msandali. Kwetu picha ya mtu haivikwi shada mpaka mwenyewe awe ameshakufa na kuchomwa.

Binti akamkodolea macho, sinia likataka kumponyoka.

"Baba... wewe ni ndugu yake Mwalimu? Mmefanana mno!"

"Mwalimu yupi?" nikafoka.

"Mwalimu Yadagiri, mama. Bwana Prabhakar alituambia alikufa kwa maradhi ya moyo kabla hatujaanza masomo. Tukachanga maua."

Nikafungua mdomo nimwage yote, Prabhakar na ukoo wake mzima. Yadagiri akanibana kiwiko. Binti alikuwa ameshaanza kulia.

"Kwetu hakuna aliyesoma," akasema. "Kila mahali nikiuliza swali walinicheka. Ni yeye tu, hapo kwenye kioo, asiyechoka na mimi. Naweza kuuliza jambo moja mara kumi."

Yadagiri akaachia kiwiko changu.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Alikuwa kaka yangu."

Binti akaweka sinia chini, akainama akamgusa miguu. Yeye akamwekea mkono kichwani, akambariki. Kisha ile sauti ikaita huko ndani kwamba kipindi kinaanza, binti akafuta machozi akakimbilia ndani, na mlango ukajifunga.

Nikamgeukia nimepandwa na hasira. "Wewe una wazimu? Amekushika miguu, kwa nini hukumwambia Mwalimu ni wewe?"

"Ningedai nini, dada?" akasema. "Yule binti sijamfundisha hata herufi moja."