Harusi ya Sketi na Kamba

Mpaka leo nikiona kitambaa cha mirabamiraba damu inanichemka.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kilungu, miaka ya themanini, nimechumbiwa na daktari wa mifugo. Alikuwa amesomea Uskoti miaka minne, kisha serikali ikampeleka Tseikuru, kule ambako mbuzi ni wengi kuliko watu. Nilimpenda. Nalisema mapema, msije mkadhani nilikuwa natafuta ugomvi.

Harusi yake aliipanga akiwa huko ng'ambo. Si kanisani, si kwa DC. Alitaka tuoane kama Wakelti, watu wa kale wa huko alikosomea: tusimame kilimani juu ya mwamba, mimi na shada la majani kichwani, yeye na wasimamizi wake wamevaa sketi za mirabamiraba, halafu mikono yetu ifungwe pamoja kwa kamba. Hakuna keki wala pete. Kitambaa kilishapelekwa kwa fundi wa Nunguni, na soko zima lilijua kwamba daktari anashonewa sketi. Hata wanafunzi wangu walinicheka chinichini. Nikavumilia.

Mama pekee ndiye hakusema neno. Alikuwa msukaji wa viondo, vikapu vyetu vya mkonge, na daktari alipomwomba asokote ile kamba, alichagua mkonge mzuri, akautia rangi za magome, akausokota pajani siku baada ya siku mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Baba alikuwa na sharti moja tu, mbuzi wa ntheo. Kwetu, mbuzi hao wasipoletwa, na mmoja akachinjwa nyumbani kwa msichana, huyo si mke wa mtu hata azae watoto kumi. "Akileta mbuzi," baba alisema, "avae sketi, avae gunia, shauri yake." Nami nilikuwa upande wa baba. Nilimwambia daktari alete mbuzi watatu, nami nitafungwa hiyo kamba mbele ya kila mtu. Akasema tutaongea. Mtu anayeshinda akichanja mbuzi wa watu kutwa nzima, anasema tutaongea.

Tukaongea Jumamosi moja mchana, kwenye kikao cha harusi nyumbani kwa shangazi yangu, Nunguni. Mama alibaki nyumbani kumalizia kamba. Daktari alikuja na sketi yake mwilini, eti tuizoee. Baba akageuza kiti akaangalia ukuta.

"Daktari, hebu tueleze hii kamba," shangazi akaanza. "Watu wakishafungwa, wanafunguliwa lini?"

"Palepale, anti. Ni ishara tu. Lakini zamani huko ilikuwa inashika mwaka mmoja na siku moja."

"Halafu?"

"Wakiona wameelewana, wanaendelea. Wasipoelewana, kila mtu anaenda njia yake, bila kesi."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Na mbuzi?"

Akajibu kwa upole, na upole huo ndio ulionikera zaidi. "Hiyo mambo ya mbuzi ni kama kununua mtu, anti. Lakini sijakataa. Tumalize huo mwaka kwanza. Tukiona mambo iko sawa, nitaleta."

"Kwa hivyo unataka kuazima mtoto wetu," shangazi akasema. "Umuangalie kama anafaa."

Daktari akanigeukia nimsaidie. Nilimtazama magoti yake yaliyokuwa wazi, nikamchukia. Mila ya wafu wa Uskoti aliiona tamu. Ya baba yangu, aliyekaa mbele yake akiwa hai, aliiona biashara.

"Huo mwaka wa kungojea mbuzi," nikamuuliza, "umesema wewe, ama wamesema Wakelti?"

Akaivuta sketi ifunike magoti. "Nimesema mimi."

"Basi rudi Tseikuru. Na hiyo sketi uende nayo hivyo hivyo."

Akaenda. Nililia wiki nzima, na nilimwambia kila aliyeuliza kwamba ni hasira. Si yote ilikuwa hasira.

Jioni ya siku ile ya kikao, niliporudi nyumbani, nilimkuta mama ameketi mlangoni, anafunga ncha ya kamba. Ilikuwa nzuri, sitamnyima hilo. Akaninyooshea. "Itatosha mikono miwili?"

"Haihitajiki tena, mama."

Aliifungua ile ncha aliyokuwa ameifunga sasa hivi, akaanza kuisokotoa uzi mmoja mmoja, na kabla giza halijaingia alikuwa ameanza kitako cha kiondo kwa nyuzi zile zile.

Kiondo hicho ninacho. Nimekibebea daftari za kusahihisha, nimekibebea viazi, na siku tuliyomzika mama kilikuwa begani mwangu. Aliponikabidhi hakusema nikijaribu kwanza mwaka mmoja na siku moja.