Safari ya Kuni na Mti Uliochunwa

Jumamosi ya tatu ya Novemba 1977, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, nilitoka kwetu Gatina, Kawangware, Nairobi, nikiwa na kamba, panga na kibali cha kuni chenye jina la mama. Ninyi wa nyumbani Murang'a mmesikia nusu ya habari hii, na hiyo nusu mmeipata kwa watu ambao hawakuwepo. Mimi kusema mbele za watu siwezi, mnanijua. Kwa hiyo ninanakili kutoka daftari langu, mwanzo hadi mwisho, hata pale ambapo sisi wenyewe hatupendezi.

Sikuwa nimepanga kwenda. Mama alikuwa ameteleza kwenye tope siku ya Jumatano, kifundo cha mguu kikavimba hata kiatu kikakataa kuingia. Mama huwapikia uji wajenzi wanaojenga nyumba za kupangisha hapa Kawangware. Bila kuni hakuna uji, na bila uji sisi watoto wanne tunatazamana. Kibali cha msitu ndicho kinachotuweka mjini. Kinaruhusu mzigo mmoja wa kichwa kwa siku, kuni kavu peke yake. Ukikutwa umegusa mti mbichi, unanyang'anywa kibali, na hupewi kingine.

Niliandamana na Mama Awuor, anayekaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Yeye na mama wamekata kuni pamoja tangu nikiwa darasa la nne. Mama Awuor huongea njia nzima, nami nikampenda kwa hilo, kwa sababu ukitembea naye hakuna anayekuuliza wewe neno.

Saa moja kasoro tulipita Riruta Satellite. Maduka yalikuwa yanafunguliwa, na maji ya mvua ya usiku yalikuwa bado yamesimama barabarani. Njiani alinieleza kwamba ule upepo wa wiki mbili nyuma, uliong'oa mabati pale kwetu, uliingia msituni ukalaza miti kama nyasi. Ofisi ya msitu ilikuwa imewaita wanawake wote wenye vibali waje wabebe. Alikuwa na furaha. Alisema mwaka huu upepo ndio umekuwa mume wake.

Dagoretti Corner tulisimama tukanunua muhogo wa kuchemsha, tukaula huku tunatembea kuelekea Ngong Road. Kabla ya saa mbili tulikuwa kwenye lango la msitu, upande ambao nyumba za Kibera zinaonekana. Tulikuta wanawake wengine kama ishirini, wengi wa Kibera, wamekalia kamba zao.

Saa mbili na nusu msimamizi alikuja. Alikuwa mtu mrefu mwenye koti la kaki na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Alisoma kwamba kipande chote kilichopigwa na upepo kinasafishwa. Miti iliyoanguka itolewe. Iliyokufa imesimama ikatwe, yote, kwa maana mti mkavu ni uchafu na unaleta wadudu. Baada ya hapo itapandwa mikaratusi. Neno "safisha" alilisema mara tano. Nilihesabu kwa sababu nilikuwa nimeanza kukasirika na sikujua bado ni kwa nini.

Saa tatu tuliingia. Kwanza unapita kwenye misaipras, ile miti ya mbao iliyopandwa na ofisi zamani, kwa mistari kama madawati ya shule. Chini yake hakuna jani, hakuna mdudu, hakuna sauti. Unasikia viatu vyako tu. Hapo ndipo mahali pasafi.

Kisha tukatokea pale ulipopita upepo. Nilidhani nitaona maafa. Ni kweli mikinduri minene ilikuwa imelala mizizi juu, na mashimo ya mizizi yamejaa maji. Lakini mwanga ulikuwa umeshuka hadi chini mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na ardhi nzima ilikuwa imechipua. Miche ya muhugu, miche ya mikinduri, mingi hata huna pa kukanyaga. Uyoga kwenye magogo. Kima walikuwa wanatembea juu ya shina lililolala kama watu wanaovuka daraja, mmoja amembeba mtoto. Paa mdogo alitoka kwenye matawi, akatutazama, akaondoka bila haraka. Wiki mbili tu, na tayari kila mtu alikuwa amejua la kufanya na ule upepo isipokuwa ofisi.

Hapo katikati palisimama mti mmoja mkavu. Wakati tunafunga mizigo nilisikia mbawa zenye kelele, nikaona ndege mweusi, tumbo jeupe, mdomo mkubwa mwekundu. Alishika shina, akasogeza tunda kwenye ufa mwembamba uliozungukwa na tope lililokauka. Ndani ya ufa mdomo mwingine ukalipokea.

Mama Awuor alinieleza kwamba yule ni hondohondo. Jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu, akajizibia humo kwa tope, akaacha ufa wa kupitisha chakula. Manyoya ya mabawa humtoka akiwa ndani, kwa hiyo hata mlango ungevunjwa hawezi kuruka. Dume humlisha mpaka makinda wakue.

"Mtazame vizuri, Nyambura," akasema. "Huyo ndiye mwanaume pekee Nairobi hii anayeleta chakula nyumbani kila siku."

Nilicheka. Ndipo nikaona kiuno cha ule mti. Gome lilikuwa limechunwa mzunguko mzima, upana wa kiganja, na kovu lilikuwa la zamani. Niliuliza ni ugonjwa gani. Mama Awuor akaangalia nyuma kwanza.

"Ni panga la mama yako," akasema polepole. "Na langu. Mwaka juzi. Unadhani kuni kavu zinaota?"

Akanieleza kila kitu kana kwamba ananifundisha kupika. Unazungusha panga, unachuna gome, unapaka tope ili gadi wa msitu asione. Msimu wa pili mti umekufa na kibali kinakuruhusu. Kila mwanamke ana wake. Huu wa kwao waliuacha mwaka jana kwa sababu ya nyuki, halafu vigong'ota wakautoboa, halafu hondohondo akahamia.

Sikuwa na mahali pa kuweka hasira yangu. Nilimkasirikia mama, ambaye hunikataza kuvunja hata tawi la ua la jirani. Nilikasirikia uji niliokunywa miaka yote. Zaidi nilikasirikia kile kibali mfukoni mwangu, kinachosema usiguse kilicho hai, chukua kilichokufa, halafu kinashangaa kwa nini vilivyo hai vinakufa.

Saa tano wakata miti wawili wa Kibera walifika hapo na msumeno wa kuvutana. Mmoja, Okumu, alikuwa akitaniana na Mama Awuor, akimwita shemeji na kumwomba muhogo. Msimamizi alikuwa nyuma yao na karatasi yake. Alinyoosha kidole kwenye ule mti.

Mama Awuor ndiye aliyesema kuna ndege ndani. Msimamizi akasema ndege wana mabawa. Akaelezwa kwamba huyu hana kwa sasa. Okumu naye akaunga mkono, kwamba kwao waliukata mti kama huo wakamkuta jike na makinda wamepondeka, na yeye hakuipenda siku hiyo.

"Mimi hapa sina mstari wa ndege," msimamizi akasema, akigonga karatasi. "Mti mkavu unakatwa. Unaobaki ni ule uliouawa na mtu, huo ni ushahidi, haukatwi mpaka kesi iishe. Mkubwa aje auone mwenyewe. Huu umeuawa na nani? Si Mungu?"

Upande wake tope la mwaka juzi lilikuwa bado limeshika, na magugu yamepanda juu yake, kwa hiyo kutoka aliposimama kovu halikuonekana. Mama Awuor alinitazama, na yale macho sikuwahi kuyaona kwake. Hayakuwa na mzaha. Ana watoto watano.

Okumu alipiga magoti. Meno ya msumeno yakaingia kwenye gome, unga wa kwanza ukaanguka, na ndani ya shina kitu kikaanza kugonga.

Nilisema, "Ni mimi." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Mara ya tatu sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, msumeno ukasimama. Nilikwenda nikayang'oa yale magugu, nikabandua tope kwa mkono, kovu likaonekana, nikasema nimeuchuna mimi mwaka juzi.

Msimamizi alinitazama kuanzia miguuni.

"Mwaka juzi ulikuwa na urefu gani, wewe kasichana? Wa hii meza yangu?"

Hakuwa na meza. Wanawake walicheka, na mimi nikasikia masikio yangu yakichoma. Lakini kovu lilikuwepo, na mtu wa kukubali kosa alikuwepo, na karatasi yake ilikuwa na mstari wa hilo. Aliandika. Alipaka mti duara jeupe, akawaambia wakata miti wasiuguse. Kisha akanyoosha mkono, nikampa kibali cha mama. Mzigo wangu pia ulibaki.

Saa saba tulirudi kwa njia ile ile, Mama Awuor na kuni kichwani, mimi mikono mitupu. Kuanzia lango la msitu mpaka Satellite hakusema neno. Hiyo peke yake ilikuwa adhabu. Tulipokaribia Gatina aliniambia kwamba nimeokoa ndege mmoja na kuua sufuria moja, na kwamba asante sikutaja jina lake, na kwamba amekasirika vilevile.

Saa tisa nilimweleza mama. Alikuwa ameketi, mguu kwenye beseni.

"Ungesema ni mimi," akasema. "Angalau ningekuwa nimenyang'anywa kwa kosa langu."

Nilimwambia sikufanya kwa kumpenda. Nilifanya kwa hasira. Akasema anajua, anaisikia.

Nilichojifunza ni hiki, na nimekiandika kwa herufi kubwa kwenye daftari. Upepo uliua miti mingi kuliko mama, na msitu ukaujibu kwa miche. Mama aliua mmoja kwa wizi, na ndege wakapata nyumba. Ofisi ndiyo itakayoua kipande kizima, kwa karatasi safi, na hakuna mtu atakayemnyang'anya msimamizi kibali. Mama sijamsamehe sana. Lakini ninajua nani alimfundisha kuchuna.

Jumapili asubuhi sikwenda kanisani. Nilichukua gunia nikaenda kwa fundi seremala karibu na soko, nikamwomba unga wa mbao, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikarudi, nikasimamisha chupa katikati ya debe, nikashindilia unga pande zote kwa ngumi kama nilivyoona kwa wengine wanaopikia unga wa mbao badala ya kuni, nikaichomoa chupa polepole ili libaki tundu la moto. Debe la kwanza lilibomoka. La pili pia. La tatu lilishika moto, moshi ukajaa chumba, wadogo zangu wakakimbilia nje wakikohoa, na mama akasogeza sufuria ya uji juu yake bila kuniangalia, akaniambia nikoroge.