Pipa Lililokauka

Pipa ikiisha petroli, utasema iko tupu. Hata mimi nilisema hivyo, na nilikuwa mtu mzima na watoto wangu.

Mzee wangu, baba ya watoto wangu, alikuwa fundi wa mabati hapo Kawangware, upande wa kwenda Satellite, enzi zile mashamba ya mahindi bado yako katikati ya nyumba. Alikuwa anapasua mapipa ya mafuta, anatengeneza makarai, majiko, hata milango. Na mdomo alikuwa nao huyo mtu! Mama mteja akija kununua karai, anamwambia, "Hii utaogeshea wajukuu, mimi nikiwa nimeoza." Wanacheka, wananunua. Nikiwa huko kwa mfereji nachota maji nilikuwa nasikia nyundo yake, ko! ko! ko!, najua leo tutakula.

Kazi yangu ilikuwa maji. Pipa ikiletwa, kabla ya yeye kuigusa na tindo, lazima niijaze mpaka ifurike, nimwage, nijaze tena, nimwage. Alisema ndiyo sheria ya mafundi, alifundishwa hivyo na mzee mmoja, na hakuuliza ni ya nini. Mimi nilidhani ni usafi tu. Si unajua petroli inavyonuka.

Sasa kuna wiki mfereji ulikauka. Nilikuwa na mtungi mmoja wa maji, wa ugali na wa watoto kunywa. Na hapo ndipo ikaletwa pipa ya mama mmoja, anataka ikatwe juu awe anakinga maji ya mvua, na anaitaka siku hiyo hiyo. Nikafikiria. Kwetu magharibi, kibuyu cha maziwa kikishakuwa kitupu unakianika kwa jua, kinakauka. Basi nikainamisha ile pipa, yakatoka matone machache, nikaiweka juani. Halafu nikaona vumbi la barabara linaingia, nikafunga kifuniko. Nikakikaza vizuri kabisa, kama mtu mwenye akili.

Saa nane nikaitikisa. Kimya.

"Mama watoto, umeosha?" akauliza.

"Nimeosha. Mara mbili."

Ulimi wangu huu.

Yeye pia akaitikisa, akaweka sikio. Akamwambia yule mama, "Sikia, hata mate haina!" Akapiga tindo mara ya kwanza. Ya pili cheche ikaruka, na sijui nikuambie nini, ilikuwa kama mbingu imepasuka. Ile bati ya juu ilienda huko juu ya paa za watu. Yule mama alikuwa amesimama mbali, alianguka tu akaumia goti. Mzee wangu alikuwa ameinama juu ya hiyo pipa. Moto ulimwosha uso.

Hospitali walimrudisha bila macho.

Nyundo ikanyamaza. Nikaanza kufua nguo za watu. Yeye alikuwa anakaa kwa kiti pale mafundi wengine wanafanyia kazi, anasikiliza kelele zao. Na hapa ndipo ule uongo wangu ulianza kunila. Kwa sababu aliwaambia, "Msijisumbue na maji, nyinyi. Yule mzee alinidanganya. Yangu ilioshwa mara mbili na ikanilipukia." Na wao, maji ni ya kubebwa kutoka mbali, si walifurahi? Wakaanza kukata hivyo hivyo. Kila nikisikia tindo, naacha kufua, nangoja mlipuko. Na ukweli siwaambii.

Msichana wetu alikuwa darasa la sita. Alasiri moja amekaa mlangoni anasoma sayansi kwa sauti, na baba yake siku hiyo yuko nyumbani kwa kiti. Ati kitu kigumu kina umbo lake, kama jiwe. Kitu cha majimaji kinafuata umbo la chombo. Gesi haina umbo, inajaza chombo chote, na huwezi kuiona.

"Na petroli ikikauka?" baba yake akauliza.

"Haijaenda mahali, baba. Imegeuka gesi. Ukifunga chombo, inabaki humo ndani yote, na jua likiipiga inasukuma. Maji ndiyo yanaitoa."

"Yangu iliingizwa maji."

"Kama iliingizwa mara mbili, gesi ilitoka wapi?"

Mtoto hakuwa na ubaya. Aliuliza tu vile mwalimu anauliza. Lakini mzee akageuza uso upande wangu, kama anaona. Nilikuwa nachambua mboga. Nikaiweka chini.

"Sikuiosha," nikasema. "Mfereji ulikuwa umekauka. Niliianika. Nikafunga kifuniko."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyangoja miaka miwili, nilikuwa hata nayataka. Huyu mtu wa mdomo mwingi akageuza sikio upande wa nje. Na kule nje, kwa mafundi, ko! ko! ko!

"Hiyo ni pipa wanapiga," akasema. "Imeoshwa?"

"Sijui, mzee."

Akasimama, akaangusha kiti. Mimi ndiye nilikuwa namshika mkono kila siku, nikamwendea. Akautoa mkono wangu. Akapapasa mpaka akapata bega la mtoto, akamwambia, "Nipeleke haraka. Na hicho kitabu chako ukibebe."

Wakatoka. Nikamsikia akipiga kelele kutoka mbali, "Wacheni! Wacheni hiyo kitu! Nimewadanganya!" Nyundo ikanyamaza. Nikachukua mtungi wetu, ulikuwa nusu, nikawafuata nao.