Mwenye Jina ni Mzima, Mgonjwa ni Baba Yangu

Admin, tafadhali nifiche. Nina miaka ishirini na sita, naishi Atlabara hapa Juba na baba yangu mzazi, mama alishatangulia. Nilizaliwa Kenya ukimbizini, nikasoma huko hadi chuo, ndipo tukarudi nyumbani. Nataja shule ili mjue kwamba kosa nililolifanya si la kutojua kusoma.

Baba alifanya kazi Nairobi miaka mingi, kwa mkandarasi aliyekuwa akikarabati injini za treni. Kazi yake ilikuwa kubandua asbesto, ile nyeupe iliyovikwa mabomba kuzuia joto. Walibandua kwa patasi na mikono, bila kitu cha kufunika pua. Jioni alirudi mweupe hadi kwenye kope, nasi watoto tukamkimbilia tukicheka, "Baba ametoka kusaga unga!" Leo hafiki langoni bila kusimama mara tatu. Daktari niliyempelekea Kampala alitazama picha ya kifua akamuuliza, "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?" Baba alipojibu, daktari akasema mapafu yamejaa makovu ya lile vumbi na hayatapona.

Nilitafuta mtandaoni nikampata wakili Nairobi, mwanamke anayewatetea bure wafanyakazi wa reli waliougua kwa sababu ya kazi. Akaniuliza jina la mfanyakazi. Nikamwandikia jina la mtu mwingine.

Nieleze. Mkandarasi hakutaka mkimbizi, alitaka kitambulisho cha Kenya. Jirani yetu, nitamwita Barasa, alimwazima baba chake. Kwa hiyo kila karatasi ya kazini ina jina la Barasa. Sisi tuliokulia vile tulizoezwa tangu wadogo: ukiulizwa jina, taja lililo kwenye karatasi. Vidole vyangu viliandika "Barasa" kabla sijafikiri, wala sikuona kwamba nimedanganya.

Wiki iliyopita wakili akanipigia. "Dada, una kesi nzuri. Nitumie ripoti ya daktari, nifaili kabla muda wa kisheria haujaisha." Nikaweka karatasi mezani. Za kazi: Barasa. Ya daktari: baba. Mahakama itaona aliyevuta vumbi ni mzima wa afya, na anayekufa hakuwahi kukanyaga karakana.

Nikamwambia baba tuseme ukweli.

"Barasa yuko hai?" akaniuliza.

"Yuko. Ana duka Kitale."

"Na unataka polisi waende dukani kwake kwa sababu alinihurumia? Malesh, nisamehe, binti yangu. Hapana."

Nikampandishia sauti, Mungu anisamehe. "Na wewe nani akuhurumie?"

"Si wewe hapo unanipigia kelele?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akaegemea ukuta hadi kilipopita. "Khalas, yaishe. Niletee maji."

Nilimpigia Mzee Barasa kwa siri. Alifurahi kusikia sauti yangu, akaniuliza kama nimeolewa. Nilipomweleza, akasema, "Basi nije mimi kortini niwe mgonjwa. Nitakohoa kuliko babako!" Tukacheka wote wawili. Kisha nikasema wakili huenda akahitaji ukweli wenyewe, na yeye kuwa shahidi. "Mama," akasema polepole, "mimi na umri huu, nifungwe? Fanya unachoona ni sawa. Ila uniambie kwanza, nimwandae mke wangu."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye lile vumbi na kwenye lile jina, na sasa nimeshikilia vyote viwili na sijui kuvitumia. Nikikiri, namweka hatarini mzee aliyetusitiri, na sijui kama wakili ataniamini tena. Nikituma karatasi nilizo nazo, naapa uongo mahakamani. Nikinyamaza, baba atazikwa kama mtu ambaye hakuna aliyemkosea. Yeye mwenyewe ameridhika. Mimi siwezi.

Asubuhi hii wakili ameandika: "Dada, mbona kimya? Ijumaa ndiyo mwisho." Nimejibu mara tano na kufuta mara tano. Ninyi mnaojua sheria, ninyi mlioishi kwa karatasi za watu, hebu mnisaidie kabla ya Ijumaa: nimwandikie nini?