Jaribio Nililolikataa

Kazi yangu ni kuandika majaribio ya kiini cha kompyuta, na kukagua yale yaliyoandikwa na wenzangu. Kiini, au kernel, ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayoamua programu ipi ifanye kazi na ipi ingoje. Mtu akiongeza jambo jipya humo, lazima kuwe na jaribio la kuonyesha kwamba linafanya kile linachoahidi. Tumetapakaa duniani, tunaandikiana barua pepe zinazosomwa na kila mtu, na neno likishatoka halirudi. Mimi hufanyia kazi nyumbani Kitale, katika chumba cha nyuma, dirisha likitazama ua ambamo mama huanika mahindi.

Dada ninayemsimulia hapa alikuwa Bungoma. Tulikutana kwenye mafunzo ya siku tatu hapa mjini. Nilisimama mbele kufundisha siku moja tu, lakini tangu hapo akaniita mwalimu. Alikuwa ametoka chuo, hajapata kazi, na laptopu yake ilikuwa ya mtumba. Nilimwonyesha namna ya kutuma jaribio, nami nikawa mkaguzi wake. La kwanza lilipita. La pili pia. Nilijivunia, nasema kweli, kana kwamba ni mimi niliyeyaandika.

La tatu lilihusu kufuli. Programu mbili zinataka faili moja. Ya kwanza inaifunga, ya pili inalala ikingoja. Ya kwanza ikifungua, kiini kinapaswa kuiamsha ya pili. Jaribio lake lilirudia hivyo tena na tena. Karibu kila mara mambo yalienda sawa, lakini baada ya mizunguko mingi, ile ya pili ilibaki imelala.

"Mwalimu, kuna kitu hapa," aliniambia kwa simu. "Inalala haiamki. Si testi, ni kernel."

"Umeipa muda gani?"

"Sekunde moja."

"Ongeza. Hiyo mashine yako ni ya polepole."

Aliongeza hadi sekunde kumi, halafu dakika nzima. "Bado," akasema. "Hata ukiingoja mpaka kesho haiamki, bana."

Nililiendesha kwangu kutwa nzima. Halikushindwa hata mara moja. Basi nikaandika mbele ya wote, kwa Kiingereza cha kazi, chenye adabu, kwamba jaribio hili halitegemeki, na kwamba mwandishi ahakikishe kwanza anaelewa kile anachokipima.

Alinipigia kabla ya saa kupita.

"Mwalimu, umesema sielewi?"

"Sikusema hivyo. Nimesema uhakikishe."

"Mbele ya watu wote."

"Ndivyo kazi ilivyo, dada. Hata mimi nimesemwa huko."

"Na wakati ulisemwa, ulikuwa umekosea?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Alituma toleo moja zaidi, na pamoja nalo faili ya matokeo kutoka mashine tano alizoazima kwa watu. Nilikuwa na rundo la majaribio ya wengine. Sikuifungua. Nilijibu kwa mstari mmoja kwamba msimamo wangu ni ule ule. Hakuandika tena, wala sikumtafuta. Nilijiambia kazi hii ina wenyewe, na wasioiweza hujiondoa.

Mwaka ulipita. Asubuhi moja nikasoma barua ya mtu nisiyemjua, wa bara jingine, akiripoti kwamba programu inayongoja kufuli wakati mwingine haiamshwi. Alileta marekebisho na jaribio lake, akaeleza kosa lilivyo: hutokea tu kwenye mashine yenye prosesa, yaani ubongo wa kuchakata, mbili au zaidi, pale anayeamsha na anayelala wanapopishana kwa nukta.

Nilifungua mipangilio ya kompyuta ya kuigiza, ile inayoundwa kwa programu ndani ya mashine yangu, ninayotumia kwa majaribio. Prosesa moja. Niliiweka hivyo mwenyewe wakati stima ilipokuwa ikipotea kila mara, ili betri ya nyumba idumu, kisha nikasahau. Kwenye prosesa moja programu mbili hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimelipima jaribio lake mahali ambapo kosa haliwezi kutokea.

Niliweka nne, nikaliendesha jaribio lake. Likashindwa kabla chai haijapoa. Ndipo nikaifungua ile faili. Alikuwa amepanga kila kitu: mashine, idadi ya prosesa, mara ngapi jaribio limeanguka. Kwenye mashine moja tu kati ya zile tano jaribio halikuanguka, nayo ilikuwa na prosesa moja. Chini yake aliandika: "Mwalimu, angalia hapa."

Nilienda Bungoma. Nilimkuta nyuma ya soko, kwenye kibanda cha kuchapisha na kujazia watu fomu za ushuru. "Karibu mwalimu," akasema. "Unachapisha nini?"

Nilimweleza yote huku nimesimama. Alinisikiliza akipanga karatasi mashineni.

"Kwa hivyo ilikuwa kernel," akasema.

"Ilikuwa kernel. Hukukosea hata kidogo. Ni mimi."

Akaketi. "Unajua, nilikaa miezi nikifikiria ni kichwa yangu. Naona testi inaanguka na macho yangu, lakini nasema ati labda sijui kuangalia. Mpaka leo, mtu akiniambia nimemjazia fomu vibaya, naamini kabla sijaangalia."

"Rudi. Nitawaandikia wote, niseme ni wewe ulianza kuiona."

"Andika ukitaka. Mimi sirudi." Hakupaza sauti. "Ungefungua tu ile faili, mwalimu."

Mzee mmoja aliingia na kitambulisho, akitaka kopi ya pande zote mbili. Dada akainuka kumhudumia. Nilingoja kidogo, nikaona hakuna nilichokuwa nikingojea, nikatoka.

Niliwaandikia wote ile barua niliyomwahidi, bila kujitetea. Msimamizi wa kiini alijibu kwa upole: marekebisho yameshaingia yakiwa na jina la yule mgeni wa bara jingine, na yaliyokwisha kuandikwa katika kumbukumbu za kiini hayabadilishwi. Jaribio la mgeni pia ni fupi zaidi, hakuna haja ya kuwa na mawili. Nilimtumia dada majibu hayo. Aliyasoma, simu ilionyesha hivyo. Hakujibu.

Bado nakagua, kwa kuwa sijui kazi nyingine. Lakini siku hizi jaribio likishindwa, siwezi kulikubali wala kulikataa. Naliendesha, nabadilisha mipangilio, naliendesha tena, na mwisho wa siku sijaandika hata neno. Foleni imekuwa ndefu. Juzi mmoja wa wanaongoja, mpya katika kazi hii, aliuliza kwa adabu kama kuna mtu anayesoma alichotuma. Nimeisoma barua yake mara nyingi. Sijamjibu.