Darubini ya Usiku Usio na Mwezi

Kule Kavimvira, muuzaji alimsifia Honorine darubini kubwa, eti inavuta mbali zaidi. Honorine akaielekeza kwenye milima ya Burundi. Milima yote ikatetemeka pamoja na mikono yake.

"Papa, na hii miye nitaona nyota zenye kucheza ndombolo! Nipatie ile ndogo," Honorine akamwambia muuzaji.

Alitaka watazame nyota pamoja, yeye na mumewe Osée, mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani wavuliwao gizani kwa taa. Lakini mke mzima wa mvuvi hakufikiria mwezi! Mwezi ukijaa, wavuvi hupumzika: Osée yuko nyumbani, nyota zimefifia. Giza likirudi, nyota zinajaa, naye Osée yuko ziwani na taa yake.

Leo mbingu imejaa nyota. Honorine ameishusha darubini kutoka angani na kuielekeza ziwani, anaitafuta taa ya Osée. Taa zote zinafanana.