Siku Bonde Lilipofunguliwa

Harufu ya mpunga mbichi unaokaangwa chunguni ina ubichi wa majani na utamu wa kitu kinachokaribia kuungua. Kila ninapoisikia hulikumbuka bonde letu karibu na Gando, mwisho wa masika, upepo wa kusi unapoanza kukausha matope na nyayo zetu kubaki zimeganda njiani. Mwaka mmoja bibi yangu, Bi Riziki, alinipa kona ya jaruba lake, kipande cha mpunga kilichozungukwa na matuta, nilime mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa. Mbegu yangu ya kwanza ililiwa na bata, nikapanda upya nikiwa nimechelewa, na watu walipovuna, mpunga wangu ulikuwa kijani bado. Ukibonyeza punje, yalitoka maziwa.

Mavuno yakiisha, wazee wetu walichagua siku ya kulifungua bonde. Siku hiyo ng'ombe wa kijiji kizima waliachiwa wale mabua, bila kuulizwa jaruba ni la nani. Samadi yao ndiyo iliyolisha mpunga wa mwaka uliofuata, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuwazuia. Siku ilipotangazwa, nilikata fito nikaanza kuizungushia kona yangu ua. Nilitaka mpunga ukomae, nipate mbegu yangu mwenyewe, isiyotoka kwenye kikapu cha bibi.

Mzee Shaame, aliyekuwa na ng'ombe wengi, alisimama ukingoni akacheka. "Bwana shamba, fito hizo ng'ombe wangu watazipigia mswaki!"

"Bibi, mwambie angoje kidogo!"

Bibi aliinama, akabonyeza punje, akaitazama; maziwa yalikuwa yameanza kuganda. "Angoje mpaka mabua ya watu yakauke? Lete kisu, mjukuu wangu."

"Haujaiva!"

"Nimeuona. Kata."

Nilikata huku nikilia, naye hakunibembeleza. Alikata upande wake. Alasiri akaukaanga mpunga ule, tukautwanga ungali moto, mchi wake ukipanda wangu ukishuka, mpaka punje zikawa bapa, ndiyo pepeta. Akapeta makapi kwa ungo, akachanganya na nazi na sukari. Sahani ya kwanza alinituma niipeleke kwa Mzee Shaame.

"Mashallah," mzee akasema kinywa kimejaa. "Kumbe hiki ndicho ulichotaka kutufungia uani?"

Nikacheka bila kutaka.

Niliporudi, bibi alikuwa anakung'uta kinu. "Mwakani ile kona sikupi," akasema. Nikanywea. "Chukua jaruba zima. Mbegu utaomba kwangu, na ukiona haya kuomba utalala na njaa."

Jaruba hilo nimelilima tangu wakati huo. Shule niliacha mapema. Mengine nimejifunza kwa kuuliza na kusoma kila karatasi ya kilimo iliyonifikia. Siku hizi ng'ombe wengi hufungwa kamba, na bonde halifunguliwi tena kwa tangazo. Bi Riziki ametangulia mbele ya haki, nami humwombea dua kila ninapokanyaga tuta lake, kwa kuwa alinitoa kwenye kona wakati mimi nilikuwa naijengea ua.

Msimu huu nimemkabidhi binti yangu jaruba, ingawa mikono yangu ingali na nguvu. Ameiacha mbegu yetu ya zamani, amepanda nyingine, fupi, nisiyoijua. Nilisimama kando nikiwa na maneno mengi mdomoni, nikayameza, nikamwuliza kazi yangu ni ipi.

"Wewe fukuza ndege, baba."

Ni kazi ya watoto. Nikaokota mabonge ya udongo, nikaenda.